Kufundisha Kiingereza Japani: maswali yenu na majibu

Barua za "nitafutie kazi Japani" nimeziweka kapuni kama kawaida. Humu tunagawa maelezo, kazi wanagawa waajiri. Zilizobaki ni hizi.

Nimemaliza kidato cha sita na Kiingereza kinanitiririka. Naweza kwenda kufundisha Japani? (Tabora)

Hapana. Kamata shahada kwanza, ya fani yoyote, kisha tuandikie.

Kuna wakala Kariakoo anataka milioni tatu na nusu anipatie viza ya kufundisha. Nimwamini? (Dar es Salaam)

Swali hili halikosi kila mwezi, linabadilika kiasi cha fedha tu. Viza ya kufundisha haiuzwi kwa sababu haianzii huku. Inaanza kwa mwajiri aliyeko Japani: anakupa mkataba, anapeleka maombi uhamiaji ya kwao, nao wakiridhika wanatoa cheti cha sifa za ukaazi. Hicho ndicho unachokipeleka ubalozini, na kina uhai wa miezi mitatu tangu kitolewe. Kwa hiyo muulize wakala wako jina la shule na nakala ya mkataba. Akianza kukwambia "hilo baadaye", funga mkoba wako.

Wabaya zaidi ni wanaosema "ingia kwa viza ya matembezi, utabadilisha hukohuko". Kufundisha kwa viza hiyo ni kosa, na anayefukuzwa nchini kwa amri hafunguliwi mlango kwa miaka mitano. Wakala hayumo katika hesabu hiyo, yeye yuko Kariakoo anahesabu milioni zako.

Mpango wa JET, ambao serikali ya Japani inauendesha tangu 1987 kuajiri wageni wasaidie kufundisha Kiingereza mashuleni, hautozi ada ya maombi na tiketi ya kwenda unakatiwa. Wakenya, tangazo lenu liko Ubalozi wa Japani, Nairobi. Wa nchi nyingine, uliza ubalozi wa Japani wa kwenu kabla ya kumuuliza mtu yeyote mwenye ofisi ghorofani.

Shule ya msingi nilisoma kwa Kiswahili, sekondari na chuo kwa Kiingereza. Kuna tatizo? (Iringa)

Lipo, na nashukuru kwamba hatimaye kuna mtu ameliuliza. Kufundisha katika shule za umma za Japani kunahitaji hadhi ya ukaazi (kibali cha kukaa nchini kwa kazi fulani) ya "Mwalimu", na masharti yake yanasema anayefundisha lugha ya kigeni awe amesoma kwa lugha hiyo miaka 12 au zaidi. Si kuisoma kama somo: kufundishwa masomo yote kwa lugha hiyo.

Hesabu vidole. Sekondari miaka 6, shahada miaka 3, jumla 9. Umepungukiwa mitatu. Aliyesoma shahada ya miaka 4 na kuongeza uzamili wa miaka 2 anafika 12 kamili. Aliyepita shule ya msingi ya mchepuo wa Kiingereza amevuka hata kabla ya chuo. Shule binafsi za mazungumzo, wenyewe wanaziita eikaiwa, hutumia hadhi nyingine isiyo na kifungu hicho, lakini waajiri wengi wanadai miaka hiyohiyo, basi usiweke matumaini yote hapo. Ukiomba, ambatanisha barua ya kila shule inayotaja lugha ya kufundishia. Vyeti vyetu havisemi jambo hilo, na afisa wa uhamiaji hana wajibu wa kubahatisha.

Mshahara unatosha kuweka akiba? (Kisumu)

Mwaka wa kwanza wa JET ni kama yeni milioni 4 kabla ya makato. Inatosha, hasa ukipangiwa mji mdogo. Kinachowaangusha watu ni mambo mawili ambayo hakuna anayeyauliza.

La kwanza ni nyumba. Kuingia ghorofa la kupanga mara nyingi hugharimu kodi ya miezi mitatu hadi mitano kwa mkupuo: dhamana, fedha ya dalali, kampuni ya kukudhamini, kodi ya mwezi wa kwanza, na reikin, ambayo ni kilemba cha mwenye nyumba. Kilemba hakirudi, kama vile huku.

La pili ni kodi ya mkazi, jūminzei. Inakokotolewa kwa mapato ya mwaka uliopita, kwa hiyo mwaka wa kwanza hukatwi, ukajiona tajiri, ukatuma yote nyumbani. Kisha Juni ya mwaka wa pili bili inagonga hodi. Tenga kidogo kila mwezi tangu mwanzo. Na ukiondoka kabisa, dai sehemu ya michango yako ya pensheni ndani ya miaka miwili. Hiyo ni fedha yako.

Kuhusu kampuni zinazoajiri walimu na kuwasambaza mashuleni: soma mkataba unasema nini kuhusu Agosti, shule zikiwa zimefungwa. Nyingi hulipa pungufu.

Nasikia watoto wa Kijapani hawawezi kutamka Kiingereza. Mimi mwenye lafudhi ya Pwani nitawafaa nini? (Mombasa)

Utawafaa kuliko unavyodhani, na waliokutia hofu ya lafudhi wamekupotosha. Kijapani, kama Kiswahili, hupenda silabi imalizike kwa irabu, nazo irabu zake ni hizihizi tano. Sisi tumesema hoteli, wao hoteru. Sisi glasi, wao gurasu. Sisi kilabu, wao kurabu. Mtoto anapotamka *strike* kama su-to-ra-i-ku, mwalimu wa London anashangaa irabu zote hizo zimetoka wapi. Wewe unajua, maana bibi yako angezipachika vilevile.

Dawa yake ni makofi. Tamka neno la Kiingereza, kisha wewe na darasa mpige makofi, moja kwa kila silabi: *strike* ni kofi moja, nao wamezoea matano. Watacheka, na hapo ndipo sikio linafunguka. Kwa L na R, ambazo kwao ni sauti moja, usihubiri. Waonyeshe ncha ya ulimi ikigusa nyuma ya meno ya juu kwa *light*, na isiguse popote kwa *right*, kisha wanyooshe mkono wa kushoto au wa kulia kulingana na walichosikia. Kusikia kwanza, kutamka baadaye. Dakika kumi zinatosha, kipindi cha msingi ni dakika 45 tu na mwalimu mwenyeji ana mpango wake.

Ukiuliza swali darasa likanyamaza kimya, usidhani hawajui. Kukosea mbele ya wenzao kunawauma. Wape dakika moja ya kuongea wawili wawili kwanza, halafu uulize tena.

Mimi ni Mwislamu. Chakula cha shule nitakula? (Lamu)

Usile bila kuuliza. Nyama ya nguruwe hujificha kwenye mchuzi, jelatini kwenye vitamutamu, na mirin, divai ya mchele ya kupikia, karibu kila mahali. Mwambie makamu mkuu wa shule siku ya kwanza, na uombe karatasi ya menyu ya mwezi yenye orodha ya viungo. Jifunze alama moja tu: 豚, nguruwe. Kama hesabu haikai sawa, jitoe kabisa na ubebe chakula chako kwenye kibweta. Hakuna atakayenuna. Wanachonuna ni mtu anayepakuliwa kisha akabakiza.

Lakini kaa nao darasani, usijifungie ofisini. Watoto wenyewe huvaa kofia na aproni nyeupe, hubeba masufuria, hupakua kwa zamu, na hakuna anayegusa kijiko mpaka wote waseme itadakimasu, neno la shukrani kabla ya kula. Baadaye hushika mafagio na matambara wakadeki darasa lao. Shika tambara nawe. Nusu saa hiyo itakupa Kijapani na marafiki kuliko mwezi mzima wa kitabu.

Nibebe nini? (wengi mno)

Zawadi ndogo za ofisi nzima ya walimu, kila moja ikiwa imefungwa peke yake: majani ya chai kwenye vipakiti, pipi za ufuta. Nyama ya aina yoyote acha, forodhani haipiti. Viatu safi vya ndani visivyokwaruza sakafu, na kama mguu wako unazidi sentimita 28 nunua huku, kule utahangaika. Dawa za mafua zenye pseudoefedrini ziache nyumbani, nyingi zimepigwa marufuku Japani na "sikujua" si kibali. Dawa za daktari zikizidi za mwezi mmoja zinahitaji ruhusa kabla ya safari.

Maua ya mcheri huchanua lini? (Arusha)

Tokyo, mwishoni mwa Machi hadi mwanzoni mwa Aprili. Hokkaido, mwishoni mwa Aprili hadi mwanzoni mwa Mei. Ila walimu wengi wa JET hufika mwishoni mwa Julai au Agosti, kwa hiyo utakachopokelewa nacho ni joto la kulowanisha shati na kelele za nyenje. Beba mashati ya pamba.