Kwa wadogo zangu mnaoanza kuhamisha zana kwenda ARM

Mliomaliza chuo juzi hapa Dodoma na kukabidhiwa kazi ya kuzifanya zana za programu zikubali kichakataji kipya cha ARM, familia ya chipu yenye lugha yake ya mashine, nawaomba mlishike hili mapema: programu kufunguka ni jambo moja, kujengwa kwa ajili ya kichakataji hicho ni jingine. Apple ilipotoa chipu ya M1, iliyo ya ARM, mwishoni mwa 2020, programu za zamani za Intel ziliendelea kufunguka kwa sababu Rosetta 2, programu ya Apple ya kutafsiri, ilikuwa inazikalimani. Iulizeni faili ya programu yenyewe kwa amri ya `file`. Ikijibu x86-64 pekee, yaani usanifu wa chipu za Intel na AMD, kazi bado.

Majina nayo yanachosha. Usanifu uleule wa ARM wa biti 64, Linux huuita aarch64, macOS huuita arm64. Nimewahi kupoteza siku nzima kwa sababu skripti ya usakinishaji ilijua jina moja tu.

Kosa lililonifundisha zaidi lilikuwa dogo. Tulikuwa na programu ya C inayosoma faili ya mipangilio, herufi baada ya herufi, hadi ikutane na EOF, alama ya mwisho wa faili ambayo thamani yake ni -1. Kwenye laptopu yangu ilimaliza papo hapo. Kwenye kibao cha Raspberry Pi, kompyuta ndogo yenye chipu ya ARM, ilikwama kimya, bila ujumbe wowote wa kosa. Usiku ulikuwa umeshaingia nilipouona mstari wenyewe: `char c`. Kwenye x86, ambayo ndiyo ya laptopu yangu, `char` hubeba namba hasi, kwa hiyo -1 ya EOF hubaki -1. Kwenye Linux ya ARM haibebi hasi. -1 inageuka 255, hailingani tena na EOF, na kitanzi hakikomi kamwe. Dawa ilikuwa kuandika `int c`, basi. Siku hizi, kabla sijagusa mashine mpya, naijenga programu kwenye laptopu yangu kwa GCC, kompaila inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, nikiweka `-funsigned-char` ili `char` isibebe hasi. Makosa mengi ya aina hiyo hujitokeza hapohapo.

Lakini yapo yasiyoonekana hata kwenye QEMU, programu inayoiga kichakataji kingine, nayo ndiyo ninayoyaogopa. Chukua uzi mmoja wa programu (thread, sehemu inayoendeshwa sambamba na nyingine) unaojaza data, kisha unapandisha alama ya "tayari" ili uzi mwingine usome. x86 hulinda mfuatano wa uandishi huo kwenye kumbukumbu, hivyo msimbo mbovu unaweza kuishi miaka bila kugundulika. ARM na RISC-V, familia nyingine ya chipu, zinaruhusiwa kuupangua. Ni kama mtu wa Mpunguzi akupigie simu kwamba kreti za zabibu zimeshapakiwa, ukifika gari tupu. QEMU ikiwa juu ya laptopu ya x86, ulinzi wa x86 bado upo chini yake na kosa linafichika. Tumieni atomiki (operesheni za kumbukumbu zilizo salama kati ya nyuzi) zenye mpangilio sahihi, na majaribio ya nyuzi nyingi myafanye kwenye chipu halisi, tena kwa saa kadhaa, si mara moja.

Msianze na zana mnayoitaka. Anzeni na kompaila, halafu maktaba za msimbo zinazoitegemeza zana hiyo, moja moja. Maktaba moja yenye asembli ya x86 ndani, yaani msimbo ulioandikwa kwa amri za chipu hiyo tu, inatosha kusimamisha kila kitu.

Mkipima kasi, pimeni asubuhi. Raspberry Pi 4 ikifika nyuzijoto 80 hupunguza kasi yenyewe, na mchana wa mwezi wa kumi hapa kwetu, ndani ya chumba kisicho na feni, haichukui muda kufika huko. Mimi huandika joto la chipu pembeni ya kila namba ninayorekodi.