Maswali na Majibu: Uji wa Moto na Haraka ya Wanywaji

Swali: Uji unapoepuliwa, niumimine katika kikombe au katika bakuli?
Jibu: Mwenye haraka achukue bakuli pana, mwenye subira achukue kikombe.

Swali: Mimi hunywa uji ukiwa wa moto kabisa, kwa sababu ukipoa hupoteza ladha. Kuna ubaya gani?
Jibu: Swali hili huulizwa tena na tena, kila mara kwa maneno mengine. Ulimi uliobabuka hauonji kitu, kwa hiyo anayedai kuifuata ladha kwa njia hiyo ndiye anayeikimbia. Tena mwaka 2016 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliviweka vinywaji vya moto sana, vilivyozidi nyuzijoto 65, katika kundi la vitu ambavyo yamkini husababisha saratani, nao waliitaja ile ya umio. Uji mzito una hila zaidi kuliko chai, kwani hauzunguki chomboni kama maji: juu hufunga utando na kuonekana umepoa, ilhali chini bado unaunguza. Ukoroge hadi chini, usubiri, kisha uonje kwa ncha ya kijiko.

Swali: Naweza kuongeza maji baridi ili upoe upesi?
Jibu: Unaweza, iwapo unapenda uji chapwa. Maziwa baridi kidogo yatakufaa zaidi.

Swali: Uji wa mwanangu hugeuka majimaji kabla hajaumaliza. Je, sikuuivisha?
Jibu: Uliuivisha vizuri, kilichouharibu ni mate. Mate yana kimeng'enya kinachovunja wanga, na kila kijiko kinachotoka kinywani kikarudi bakulini hukipeleka humo. Mpakulie kidogo kidogo, wala usirudishe masalio yake sufuriani. Na kwa kuwa wengi hukimbilia asali, mtoto ambaye hajatimiza mwaka 1 asipewe kabisa, hata ikiwa imechanganywa na uji.

Swali: Niweke vijiko vingapi vya sukari?
Jibu: Kwanza onja. Sukari imefanywa kuwa kifuniko cha unga usioiva, na wanaoniuliza idadi ya vijiko hawaniulizi kamwe uji ulichemka kwa muda gani. Anayependa uchachu akamulie ndimu baada ya kuepua, lakini asiichanganye na maziwa, yatakatika.

Swali: Uji uliolala mezani usiku kucha, niupashe asubuhi?
Jibu: Umwage. Wapo bakteria wa nafaka ambao sumu yao haiondolewi na moto, hata uuchemshe mara mbili.