Rose, Violette, Maua: je, majina ya nkambo zetu yanawafaa watoto wa leo?

Katika ukoo wetu hapa Lubumbashi, mimi ndiye shangazi anayepigiwa simu mtoto wa kike akizaliwa, na miaka ya karibuni swali limebadilika. Zamani wazazi vijana waliniuliza ni marehemu yupi mtoto awe wajina wake. Sasa wananiletea majina ya maua, ya miti na ya nyota waliyoyaona kwenye simu, huku wakihofia kwamba Rose, Violette au Marguerite ni majina ya vikongwe. Mimi nasema mengi yanafaa kabisa, na yanayofaa zaidi ni yale yaliyokwisha kubebwa na mtu wa nyumbani.

Uzee unaosikika katika majina hayo una sababu yake. Wakati wa wamisionari jina la ubatizo lilitafutwa kwa watakatifu, kwa hiyo Rose aliingia kwetu kwa mlango wa Rosa wa Lima, aliyetangazwa mtakatifu mwaka 1671, wala si kwa sababu nkambo zetu, yaani bibi zetu, wa mtaa wa Kamalondo walipenda bustani. Kisha mwaka 1972 serikali ya Mobutu ilipiga marufuku majina ya Kikristo, naye mwenyewe akaliacha Joseph-Désiré, na wasichana waliozaliwa miaka ile wakaandikwa Mujinga au Kapinga bila prenomu, yaani bila jina la Kikristo au la kizungu, hata kama nyumbani waliendelea kuitwa Rose. Marufuku hayo yalipolegea kuanzia 1990, wazazi hawakurudi kwenye maua. Walikimbilia Grâce, Exaucée, Merveille na Plamedi. Ndivyo Rose alivyobaki na wazee. Lakini darasa lenye akina Merveille watatu linamtosha mwalimu, na binti anayeitwa Rose leo atakuwa peke yake akiitikia.

Ulaya na Marekani, ambako Violet, Hazel na Ivy zilikuwa mtindo zaidi ya karne moja iliyopita, majina hayo yamerudi kwa nguvu, na huko ndiko vijana wetu wanakoyaokota. Hapo ndipo ninapowazuia kidogo. Jina likisomwa na watu waliosoma kwa Kifaransa, Hazel hupoteza herufi yake ya kwanza na kuwa Azeli, nalo Daisy huwa Dezi, na karani wa komini (ofisi ya serikali ya mtaa inayoandikisha watoto) asiyeonyeshwa maandishi ataandika alichosikia. Mpwa wangu alipompeleka bintiye kuandikishwa, nilimwambia aandike VIOLETTE kwa herufi kubwa kwenye karatasi na kuiweka mezani mbele ya karani. Hata hivyo aliulizwa mara mbili kama T ni moja au mbili. Ingekuwa Églantine, sijui wangetoka saa ngapi!

Violette mwenyewe anaendelea vizuri. Nkambo yake humwita Violeti, akiliburuta lile i la mwisho, nao watoto wa uani wamemfupisha kuwa Vivi, na majina yote mawili anayaitikia. Ninawashauri wazazi walijaribu jina namna hiyo kabla ya kuliandikisha: mzee alitamke, watoto walifupishe, kisha waliweke mbele ya neno Daktari au Mheshimiwa wasikie kama linakaa. Marguerite linakaa. Hortense nalipenda, ila ni koti la mtu mzima, na mtoto atalivaa miaka mingi kabla halijamwenea. Capucine nimelikataa kila lilipoletwa, na sababu yangu ni masikio yangu tu.

Baba mmoja wa jirani alitaka kumwita bintiye Jacaranda, kwa kuwa alizaliwa mwezi wa Oktoba, wakati barabara za katikati ya mji zinageuka zambarau kabla ya mvua za Novemba. Wazo lilikuwa zuri (mti wenyewe ulitoka Amerika Kusini, lakini nani angethubutu kuuita mgeni hapa?), ila jina lilikuwa refu na lingemletea mtoto utani shuleni. Nilimtajia Maua, akashtuka kana kwamba hajawahi kulisikia, wakati mama yake mdogo anaitwa hivyo hivyo. Hilo ndilo linalonisikitisha: tunapekua intaneti kutafuta ua la Kiingereza na kuyaruka Maua na Nyota, ambayo kila mtu mjini anajua kuyatamka na kuyaandika.

Lipo pia suala la karatasi. Sheria ya Familia ya mwaka 1987 inataka majina yachotwe katika urithi wa utamaduni wa Kongo na yasimdhalilishe anayeyabeba, kwa hiyo kwa kawaida ua la Kifaransa hukaa nafasi ya prenomu, baada ya jina na postinomu (jina la pili) za ukoo. Kuandikisha kuna siku 90 tangu kuzaliwa, muda unaotosha familia kubishana na kupatana. Mama mkwe akileta jina la marehemu wake, litangulie, Rose afuate. Wote wawili wataenea kwenye cheti kimoja. Na wakizaliwa mapacha katika nyumba ya Waluba wa Kasai, msijisumbue kujadili, kwani Mbuyi na Kabanga wamekwisha kuitwa hivyo kabla hamjafika hospitalini, na Violette atangoja nafasi ya tatu.