Derg, kamati ya wanajeshi, haikuanzisha mapinduzi ya Ethiopia

Dada, umeuliza kama mapinduzi ya Ethiopia ya 1974 yalikuwa tu wanajeshi kumpokonya mfalme Haile Selassie kiti. Hapana. Jina lake tunalisoma kila tukipita barabara yake hapa Nairobi, ila kilichomwangusha hatukizungumzii vya kutosha.

Kiini ni ardhi. Kusini mwa nchi wakulima wengi walilima mashamba ya mabwanyenye na kuwapa sehemu kubwa ya mavuno, wengine hata nusu. Ndiyo maana wanafunzi wa Addis Ababa waliandamana 1965 wakidai ardhi iwe ya anayeilima. Kisha ikaja njaa ya Wollo, mkoa wa kaskazini, na serikali ikaificha. Kwangu mimi, hapo ndipo ufalme ulipopoteza haki ya kutawala. Februari 1974 madereva wa teksi waligoma kwa sababu ya bei ya petroli, walimu nao wakagoma, na kambini askari walikuwa wameshaanza kuasi.

Derg ni kamati ya wanajeshi iliyoundwa Juni mwaka huo, ikamwondoa mfalme tarehe 12 Septemba. Vuguvugu ililikuta, ikalidaka. Machi 1975 ikataifisha ardhi yote ya mashambani, familia isilime zaidi ya hekta 10.

Mijini Derg ilianzisha kebele, jumuiya za wakazi wa mitaa kujisimamia. Wakati wa Ugaidi Mwekundu, yaani kampeni ya Derg ya kuwaangamiza wapinzani wake, 1977 hadi 1978, zilitumika kusaka na kuua vijana, wengi wao wakitoka katika vuguvugu lile lile la wanafunzi.