Umepanda mchaichai na mbu bado wanakuuma?

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Tabata aliniandikia ujumbe mrefu wenye hasira za waziwazi. "Dada, nilipanda mchaichai na mrehani kama ulivyoshauri, mbu wapo palepale. Ungetuambia ukweli tu." Nikamwomba picha, akatuma. Mchaichai umenawiri kweli, hongera zake, lakini umepandwa kwenye kona ya uzio, mbali kabisa na madirisha. Na chini ya kila chungu cha mrehani ipo sahani imejaa maji.

Ndugu yangu, hapo umewafungulia mbu wodi ya wazazi. Yule mweusi mwenye madoa meupe miguuni, Aedes, anayeuma mchana na kueneza dengue, anapenda hasa maji yaliyotuama kwenye vyombo vidogo: sahani za maua, matairi, vifuu vya nazi. Kwa joto la Dar, yai huwa mbu anayeruka ndani ya wiki moja hadi siku kumi hivi. Waliokuwepo mjini 2014 na 2019 dengue ilipotushika hawahitaji kukumbushwa. Mwaga hayo maji, au jaza mchanga kwenye sahani, halafu ndiyo uje tuulizane kuhusu mrehani.

Maana kwenye suala la mimea mimi nina historia.

Nimelelewa Muheza, kwa bibi. Kila siku magharibi ikikaribia, bibi alivunja vitawi vya kivumbasi, ndugu yake mrehani, akavitia kwenye chetezo juu ya makaa, akapita navyo chumba hadi chumba. Vingine alivitundika mlangoni, vingine alivisukuma chini ya kitanda baada ya kuvifikicha kwa viganja. Hakuwahi kukitegemea kivumbasi kilichosimama uani kimfanyie kazi peke yake. Harufu ya mimea hii imo kwenye mafuta yaliyo ndani ya jani, na jani zima huyaachia kidogo mno. Liponde, lichome, lisugue, ndipo yanatoka. Mbu naye anakutafuta kwa pumzi unayotoa, jasho lako na joto la mwili wako. Harufu kali iliyo karibu yako inamvuruga. Ya kwenye uzio haimhusu.

Nilipokuja Dar nikapanga, nikapanda kivumbasi chini ya madirisha. Mwenye nyumba alivumilia msimu mmoja. Siku moja narudi kazini nakuta vyote vimeng'olewa, eti vichaka vinaleta nyoka na hao hao mbu. Akanicheka mbele ya wapangaji wenzangu, akasema msomi mzima nashindwa kununua dawa ya kupuliza. Sijasahau, na sitajifanya nimesahau. Nikahamia kwenye ndoo za rangi zilizotobolewa chini, nikazipanga barazani pale ambapo hana la kusema. Leo niko kwangu Chanika, na jirani aliyekuwa akiniambia nafuga pori anabisha hodi jioni: "Mama, nigawie kidogo." Nagawa. Lakini anajua kwamba nakumbuka.

Wala si hadithi za bibi tu. Watafiti magharibi mwa Kenya waliwahi kuweka vyungu vya mimea hai ya jamii ya mrehani kwenye nyumba, na mbu wa malaria walioingia ndani wakapungua. Sikiliza neno lenyewe: wakapungua. Hawakuisha.

Kupanda si kazi. Mchaichai unagawa shina lenye mizizi, unachimbia penye jua, basi. Kivumbasi na mrehani vunja vichwa kabla havijachanua ili vitoe matawi mengi. Weka vyote dirishani na mlangoni, mahali unapopita na kuvigusa. Pareto wengi mnaniuliza: ni kweli maua yake hutoa dawa inayoua wadudu, na wenzetu wa Njombe, Iringa na Mbeya wanailima, lakini inataka baridi ya nyanda za juu ili ichanue. Huku kwetu Pwani utavuna majani. Na ule "mmea wa mbu" unaouzwa ghali kwenye vitalu vya barabarani, wenye majani yanayonukia ndimu, ni jeraniamu. Pambo zuri, nunua kama pambo.

Tatizo letu tunataka kupanda Jumamosi na kusahau Jumapili. Wewe na mimi sote tunataka nyumba isiyonuka dawa, watoto wasiokohoa kwa ajili ya koili, bustani ya kupigia picha. Sawa. Basi ifanyie kazi bustani yako! Fikicha, fukiza, mwaga maji, fyeka mfereji. Bibi yangu hakusoma na alilifanya hilo kila jioni ya maisha yake, sembuse wewe mwenye simu ya kukukumbusha saa.

Na chandarua kibaki kitandani. Mbu wa malaria huuma zaidi usiku wa manane, wakati moshi wako ulishakata zamani. Mtoto na mama mjamzito hawalindwi na mrehani. Ukifukiza, toa watu chumbani kwanza, hasa mwenye pumu na kichanga, kisha wasirudi mpaka moshi utulie.

Walio Chanika na Gongo la Mboto, miche ya kivumbasi ninayo mingi msimu huu. Njooni na ndoo zenu, zangu siazimi tena.