Shida Haikunilea, Alinilea Bibi

Juma lililopita mama mmoja wa Morogoro aliniandikia ujumbe, baada ya kusikia kwamba karakana yangu ya kushona sare imepata kazi ya shule saba kwa muhula wa Januari. Alinipongeza, kisha akaeleza kwamba mwanawe ana miaka kumi, nyumbani hawakosi kitu, na anachelea mtoto asije akawa goigoi. Akauliza: je, amtume akauze karanga baada ya masomo, ili aonje shida kama tulivyoionja sisi tuliofanikiwa?

Kwa pongezi namshukuru, kwa sababu shule saba si jambo dogo kwa mtu aliyeanza na cherehani moja ya kukopa. Swali lake, hata hivyo, limenichoma, na nitalijibu kwa kusimulia nilikotoka.

Nimekulia Muheza, kwa bibi mzaa mama. Msimu wa machungwa ulipofika, nilikuwa nikitoka shule nashinda stendi na beseni kichwani, nikiuza kwa mafungu ya matano matano. Basi liliposimama tuliyakimbilia madirisha, na wapo abiria waliopokea machungwa wakapekuapekua mifuko hadi dereva akaondoa gari, nami nikabaki nalikimbiza mpaka pumzi zikanikatikia. Jioni Bibi alikuwa akitandika mkeka, akawasha kibatari na kuniambia nimwage fedha pale. Nilizihesabu mimi, yeye akisikiliza. Zilipopungua alisema, "Hesabu tena, mjukuu wangu," na zilipopungua mara ya pili alizifunga katika pindo la khanga, tukala. Hakuniita mwizi hata siku moja.

Nilipokuwa darasa la tano nilitolewa mstarini mbele ya shule nzima, kwa sababu sketi yangu ilikuwa imetiwa kiraka cha kitambaa cha rangi nyingine. Niliambiwa nirudi nyumbani, nisionekane tena mpaka nipate sare inayofaa. Nilikaa nyumbani siku tisa. Naandika haya nikiwa mtu mzima mwenye watoto, na bado koo linanikaba. Bibi alikopa kitambaa, akaishona sketi kwa mkono, usiku, kwa macho yaliyokwisha kuanza kufifia. Marinda yake nayakumbuka moja moja: ya kulia mapana, ya kushoto membamba, na uzi mweusi palipotakiwa uzi wa buluu. Siku ya kumi nilirudi shule nimeivaa.

Miaka iliyofuata naipita, kwa kuwa inafanana na ya wengi wenu: masomo ya kuungaunga, kujifunza ushonaji kwa fundi wa mtaani, madeni. Ninalotaka mlione ni kwamba leo hakuna sketi inayotoka katika karakana yangu kabla sijapitisha kidole gumba juu ya marinda yake, na hakuna mtoto ninayemnyima sare kwa sababu mzazi wake hajamaliza kulipa. Wateja husema nina kipaji cha biashara, lakini mimi najua ni sketi ile.

Kwa hiyo, mama yangu wa Morogoro, usije ukadhani kwamba beseni la machungwa ndilo lililonifikisha hapa. Wenzangu wengi wa stendi walibeba beseni kama langu, na hawakuinuka. Mtafiti Emmy Werner na wenzake waliwafuatilia kwa miongo kadhaa watoto waliozaliwa mwaka 1955 katika kisiwa cha Kauai, Hawaii. Kati ya wale waliokulia katika mazingira magumu zaidi, takriban theluthi moja walikuja kuwa watu wazima wenye uwezo na utulivu, na jambo mojawapo lililojitokeza katika maisha yao ni kuwa na japo mtu mzima mmoja aliyewajali bila kuchoka. Theluthi mbili walipata shida hiyohiyo, na shida peke yake haikuwainua.

Hata Eliud Kipchoge, mwanariadha wa mbio ndefu wa Kenya, watu hupenda kusimulia jinsi alivyouza maziwa utotoni kule Nandi, wakamwacha nje ya simulizi mama aliyemlea peke yake, na jirani yao Patrick Sang, mshindi wa medali ya fedha ya kuruka viunzi na maji katika Olimpiki ya Barcelona mwaka 1992, ambaye kijana huyo alimwendea kumwomba programu za mazoezi. Sang alikuwa bado ndiye kocha wake mwaka 2019, Kipchoge alipomaliza kilomita 42 mjini Vienna kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40.

Shida nayo huacha alama yake, na hapa sina budi kuungama. Mwaka jana zilipungua shilingi 3,000 katika hesabu ya jioni. Nilimgeukia fundi mmoja, binti mpole aliyekuwa nami miaka minne, nikamhoji kwa sauti mbele ya wenzake wote. Siku ya tatu nilizikuta fedha zile ndani ya kopo la vifungo, nilikoziweka kwa mkono wangu, naye alikuwa amekwisha kuondoka. Nilimpigia simu. Aliniamkia kama siku zote, akanisikiliza mpaka mwisho, akasema amenisamehe na amepata kazi kwingine. Mimi niliyetolewa mstarini nilikuwa nimemtoa mwenzangu mstarini.

Ndugu zangu mnaoinuka kimaisha, jichunguzeni. Kaeni chini mjiulize ni woga gani wa utotoni unaowaongoza mnaposhika fedha na mnaposema na watu walio chini yenu. Nawe mama, mwanao akitaka kuuza karanga auze, hakuna ubaya, lakini jioni uwepo wewe kwenye mkeka. Keti naye, msikilize akihesabu, na zikipungua usimpigie kelele.

Kwangu hesabu sasa hufungwa na msaidizi wangu saa kumi na moja jioni. Husimama mlangoni na kuniaga, daftari likiwa kwapani mwake, nami huitikia na kumwacha aende. Nikibaki peke yangu hulifungua kopo la vifungo, nikavihesabu mpaka mikono itulie.