Boxer inakula oili hata baada ya kubadilishwa ringi: je, injini imekufa?

Swali: Fundi, salaam. Niko Arua, Uganda, naendesha boda. Pikipiki yangu ni Boxer BM150, niliinunua mkononi kwa mtu ikiwa imeshatembea kilomita 60,000 na zaidi. Asubuhi nikiiwasha inatoa moshi wa bluu dakika mbili tatu, kisha unakata. Mchana sioni kitu, ila nikikaa stegini inaunguruma nikisubiri abiria halafu nivute resi, au nikimaliza mteremko mrefu, linatoka wingu. Kila wiki naongeza karibu nusu lita ya oili. Fundi wetu aliweka kiganja kwenye tundu la kujazia oili, akasema injini inapumua, ringi (pete za pistoni) zimekufa. Tulibadilisha ringi miezi miwili iliyopita na moshi uko palepale. Siku hizi kuna mlio wa tik tik juu kwenye hedi (kichwa cha injini). Nguvu ya kupanda mlima iko. Sasa naambiwa ninunue injini ya mtumba. Kweli hii imekufa?

Jibu: Wa aleikum salaam, ndugu yangu. Usinunue injini bado. Kwa ulivyoeleza, naona sili za valvu, vile vipete vya mpira vinavyozuia oili isishuke kwenye valvu, ndizo zimechoka, na huenda bushi ambazo valvu hupita ndani yake nazo zimepanuka. Ringi zilibebeshwa kosa lisilo lao.

Jibu liko kwenye saa za moshi wako. Ukizima pikipiki jioni, oili inabaki kule juu kwenye hedi. Sili iliyokauka haiwezi kuizuia, kwa hiyo usiku kucha inachuruzika polepole kwenye mti wa valvu, na asubuhi unaiunguza. Baada ya dakika chache imekwisha, moshi unakata. Mteremkoni na stegini kinachotokea ni kingine, ingawa mlango ni uleule. Resi ikiwa imefungwa, pistoni inavuta hewa na hewa haipiti, basi inanyonya kwa nguvu kupitia kila mwanya, na oili inafuata. Ukifungua resi, yote iliyojikusanya inatoka kwa mkupuo mmoja. Ringi zilizokufa haziko hivyo. Zenyewe hutoa moshi wakati injini inabeba mzigo, mlimani na abiria mgongoni, moshi wa kufuatana nawe mwanzo hadi mwisho, na nguvu hupungua. Wewe nguvu unayo.

Hilo la kiganja nataka nilisemee, kwa sababu limewagharimu watu wengi pesa. Injini ya silinda moja hupumua hata ikiwa mpya kabisa. Pistoni ikishuka inasukuma hewa iliyo chini yake, ikipanda inaivuta, kwa hiyo lazima usikie pumzi kwenye lile tundu. Cha kutazama ni kinachotoka pamoja na hiyo pumzi. Injini ikiwa imepata moto, ukiona moshi mzito unafuka hapo, au mpira wa kupumulia unatapika oili kwenye eya klina, hapo ndipo ringi na bloku (silinda ambamo pistoni hupanda na kushuka) vishukiwe. Hewa tupu haina ushahidi wowote.

Ukitaka uhakika, tafuta fundi mwenye geji ya kompresheni, ile ya kupimia mgandamizo wa hewa ndani ya silinda. Injini iwe na joto, plagi itolewe, resi ifunguliwe yote, apige kiki mpaka mshale usipande tena. Aandike namba. Kisha atie kijiko kimoja cha chai cha oili kwenye tundu la plagi, apige tena. Namba ikiruka juu sana, ringi au bloku inavujisha. Ikibaki karibu palepale, na ya kwanza ilikuwa nzuri, chini kuko salama. Sili za valvu haziguswi na kipimo hiki, hivyo kompresheni nzuri pamoja na moshi wa asubuhi vinakupeleka moja kwa moja kwenye hedi.

Hedi ikishuka, uwepo mwenyewe. Mwombe fundi atoe kwanza valvu ya kuingiza hewa, uigeuze uone mgongo wake. Kama oili ilikuwa inapita hapo, utakuta kaboni nyeusi nene imeganda kama ukoko wa posho (ugali) chini ya sufuria. Halafu chukua ile sili kuukuu, iweke kiganjani karibu na mpya. Mpya inabonyea kati ya vidole na kurudi. Niliyotoa wiki iliyopita kwenye pikipiki ya umri kama wa yako ilikuwa ngumu kama kipande cha kifuu, nilipoibana ikapasuka. Kabla ya kuweka mpya, rudisha valvu kwenye bushi yake, iinue kidogo na uitikise kushoto na kulia. Ikicheza waziwazi, bushi nayo ibadilishwe na kiti cha valvu kisagwe upya, la sivyo sili mpya italiwa upesi na utarudi na swali hilihili.

Bloku itakuwa wazi mbele yenu, basi itazameni. Uliza ringi zilipowekwa, kuta za bloku zilikwaruzwa kwa jiwe ili ziwe na mistari ya kukatana? Kuta zinazong'aa kama kioo hazizikubali ringi mpya. Pitisha ukucha: ukikwama kwenye mkwaruzo, au bloku ikipimwa na kuonekana imekuwa ya yai, hiyo inachongwa na kuwekewa pistoni ya saizi ya juu, kwa milimita 0.25 au 0.50. Kipenyo cha asili ni milimita 56. Kuchonga si kazi ya stegini, ni ya mashine.

Kuhusu tik tik, mara nyingi ni tapeti zilizolegea, yaani nafasi ya valvu imezidi; zinapimwa injini ikiwa baridi kabisa. Lakini yako inanitia wasiwasi kwa sababu nyingine. Injini hii inabeba oili karibu lita moja tu. Ukipoteza nusu lita kwa wiki, kufikia mwisho wa wiki unatembea na nusu ya oili, na hedi iliyo juu ndiyo ya kwanza kukosa. Hapo kemu na roka, vyuma vinavyofungua valvu, zinalika. Ziangalieni kabla ya kufunga.

Nimeona pia watu wakitibu moshi kwa oili nzito ya kupimiwa kwenye chupa ya maji, au oili ya gari. Acha. Klachi yako inaogelea ndani ya oili hiyohiyo, na baadhi ya oili za gari huifanya iteleze. Tumia 20W-50 ya pikipiki yenye alama ya JASO MA (ya oili inayofaa klachi ya kuogelea), kopo likiwa limefungwa.

Angalia na eya klina. Vumbi la murram likipita kwenye kichujio kilichochanika husaga bloku na bushi za valvu, na hata kazi nzuri haitadumu.

Mpaka siku ya kufungua hedi, pima oili kila asubuhi kabla ya kupiga kiki, pikipiki ikiwa wima mahali tambarare, na uongeze kidogo kidogo bila kupita alama ya juu. Usingoje wiki iishe.